Mikanda ya Katuni: Kinacholiliwa ni Nini?

Watu waliozaliwa katika miaka ya 1980, wao na wadogo zao wa muongo uliofuata, sasa wamefika umri wa kuuhesabu utoto wao miongoni mwa mambo yaliyopita. Na katika mambo hayo ni machache yanayotajwa kwa mapenzi makubwa kama mkanda wa video wa katuni, kile kisanduku cheusi cha plastiki chenye magurudumu mawili meupe tumboni, ambacho kilitiwa katika deki kikamezwa kwa mlio wa chuma, kisha kikajaza kioo wanyama wanaosema na paka wanaopigwa nyundo wasife. Mapenzi hayo si haba wala si ya kudharauliwa; walakini mapenzi ni shahidi mwenye upande, na shahidi wa namna hiyo haifai kusikilizwa bila kuulizwa maswali. Swali la kwanza, na ndilo kubwa, ni hili: ikiwa picha zile zote zipo hadi leo, tena safi kuliko zilivyokuwa, na mtoto wa Mikumi anaweza kuziona katika simu ya baba yake kabla chai haijapoa, basi kinacholiliwa ni nini?

Mikumi yafaa kuwa mahali pa kulichunguzia swali hili kwa sababu ya namna ilivyokaa. Ni mji mdogo katika Wilaya ya Kilosa, kadiri ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, uliojipanga kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Kidatu na Ifakara. Umepakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye eneo la kilomita za mraba 3,230, ambayo barabara hiyo hiyo huikata kwa masafa ya kilomita 50 hivi, hata abiria wa basi akaona twiga na nyati bila kulipa kiingilio. Mji wa namna hii huishi kwa wapitao: malori hulala, mabasi husimama, tawi la reli litokalo Kilosa kwenda Kidatu liliupitia pia, na kwa kuwa kila mpitaji hubeba kitu, mambo ya mjini huufikia mapema kuliko ukubwa wake ungeruhusu, na aghalabu huufikia yakiwa yameshatumika. Mkanda wa video ulikuwa mojawapo. Tena watoto wa hapa walikuwa na jambo ambalo wenzao wa London na Chicago hawakuwa nalo: simba wa kuchorwa aliwafikia ilhali simba wa nyama na mifupa yupo ng'ambo ya barabara.

Kabla ya mkanda kulikuwa na gari. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palifanywa jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ambalo lilipiga filamu fupi za kilimo, afya na uwekaji wa akiba, kisha likazipeleka vijijini kwa lori lenye mtambo wa kuonyeshea. Na baada ya hapo serikali ya kikoloni, na serikali huru iliyoirithi, ziliendelea kutuma magari ya sinema mikoani. Kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani, watu wakaketi chini, na mtu mwenye kipaza sauti akaeleza kwa Kiswahili yale yaliyokuwa yakionekana. Msomaji na amweke mtu huyo akilini, maana atarudi katika maelezo haya akiwa na jina na umaarufu.

Televisheni haikuja upesi. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara, ambako serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa isiyoistahili nchi maskini na chombo cha kupanua tofauti baina ya mji na shamba, hakukuwa na kituo hata kimoja mpaka vituo vya kwanza vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Katika pengo hilo ndimo video ilimoingia. Mtambo wa VHS, uliotolewa Japani na kampuni ya JVC mwaka 1976, ulifika kwetu kwa uchache mwanzoni mwa muongo wa 1980, kisha kwa wingi zaidi baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana zilikotoka, na hasa katika zama za Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa kwa sababu ya milango aliyoifungua. Kwa hiyo katika nyumba zilizojaliwa uwezo deki ilitangulia kituo. Mtoto aliyekua humo alijifunza kwamba picha ni kitu kinachoshikwa mkononi, kinachoazimwa, kinachokatika na kugombewa, miaka kadhaa kabla ya kujifunza kwamba picha yaweza kutoka hewani.

Njia iliyopitiwa na mikanda hiyo haikuamuliwa na wafanyabiashara peke yao; iliamuliwa pia na ufundi. Mikanda ya Marekani ilirekodiwa kwa utaratibu wa NTSC, wenye mistari 525 na picha zipatazo 30 kwa sekunde. Ya kwetu, kama ile ya Uingereza, Bara Hindi na Omani, kwa utaratibu wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25. Na deki ya kawaida ya zama hizo, ikilishwa mkanda wa Marekani, ilitoa picha inayokimbia juu chini au iliyopoteza rangi. Ndiyo maana katuni zilizotengenezwa California zilitufikia zikitokea Dubai, Maskati, Bombay au London, katika mizigo ya mabaharia, wafanyabiashara na jamaa waliohamia ng'ambo. Zikanakiliwa Dar es Salaam na Unguja, na nakala zikapanda mabasi na malori kuelekea bara. Aliyepokea huko Mikumi hakupokea mkanda wa kampuni, wenye sanduku jeupe na picha ya kupendeza. Alipokea nakala ya nakala, yenye kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino, na mara nyingi jina lililoandikwa halikuwa la picha iliyomo.

Deki moja haikutosha nyumba zote, na hapo ndipo kilipozaliwa kibanda cha video, ambacho watu, kwa mzaha wenye ukweli ndani yake, walikiita kibanda umiza: chumba cha mabati au cha udongo, madirisha yaliyozibwa kwa magunia, mabenchi yasiyo na migongo, televisheni moja iliyoinuliwa juu ya meza, na jenereta nyuma ya ukuta pale ambapo nguzo za umeme hazijafika au umeme umekatika. Mitambo ya maji ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, haiko mbali na Mikumi, na nyaya zake zimekuwa zikipeleka nguvu Morogoro na Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Lakini umeme upitao juu ya vichwa vya watu si sawa na umeme uingiao nyumbani mwao, na katika vijiji vingi vya wilaya hii katuni ya kwanza iliwaka kwa petroli au kwa betri ya gari.

Ndani ya kibanda katuni haikuwa mfalme. Jioni ilikuwa ya watu wazima: picha za vita za Marekani, picha za ngumi za Hong Kong, picha za Kihindi zenye nyimbo na machozi, na kwa kuwa lugha zake hazikueleweka na wengi, alizuka mfasiri, mrithi wa yule mtu wa gari la sinema, ambaye aliisema picha nzima kwa Kiswahili, akawapa wahusika tabia za mtaani, akaongeza methali na kejeli ambazo mwandishi wa Hollywood hakuziwaza. Bingwa wa kazi hiyo katika Tanzania alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake, baada ya kuzoeleka ukumbini, ilirekodiwa juu ya mikanda na baadaye juu ya diski, ikauzwa mikoani. Kenya ilimpata DJ Afro, na Uganda ikazalisha ukoo mzima wa wafasiri wanaojiita VJ. Katuni iliachiwa saa za mchana, saa za watoto na za kiingilio kidogo, au ilibaki majumbani. Mfasiri wake alikuwa kaka mkubwa wa darasa la saba au wa kidato cha kwanza, mwenye Kiingereza cha kubahatisha, ambaye alipokwama alitunga. Hata watoto wa nyumba mbili zinazotazamana waliweza kuiona picha moja na kuondoka na hadithi mbili.

Hiyo ndiyo sababu iliyowatawaza Tom na Jerry. Paka huyo na panya huyo, waliobuniwa na William Hanna na Joseph Barbera katika studio ya MGM mwaka 1940, karibu hawasemi. Kisa chao chote ni mbio na kipigo, na muziki uliotungwa na Scott Bradley hufanya kazi ya msimulizi. Picha isiyo na maneno haina haja ya mkalimani, wala haimtambui aliyesoma na asiyesoma. Fauka ya hayo, kisa hicho kilikuwa kimeshakaa mioyoni kabla hakijafika: mdogo amshindaye mkubwa kwa hila ni Sungura wa ngano zetu, na Fisi, anayeangushwa kila mara na tamaa yake, alikuwa amemwandalia Tom kiti tangu enzi za mababu. Bibi wa Kikaguru au wa Kisagara aliyepita mlangoni akaona panya akimtia paka mkia katika tundu la umeme huenda hakujua waya ule ni wa nini, lakini alijua mara moja nani mjanja na nani mlafi, akacheka na wajukuu wake.

Habari ya The Lion King ni tofauti, na ina uchungu kidogo. Ilitoka katika majumba ya sinema mwaka 1994 na katika mikanda mwaka 1995, ikauza mikanda inayokadiriwa kupita milioni 30. Wachoraji wake walitembea Kenya kuiangalia nchi na wanyama wake; majina ya wahusika wengi yalichotwa katika Kiswahili, Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi na Sarabi; na msemo wa hakuna matata, ambao kundi la Them Mushrooms la Kenya lilikuwa limeshauzoeza watalii kwa wimbo wa Jambo Bwana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukawa wimbo wa ngiri na nguchiro, kisha ukasajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya kampuni ya Disney. Hata hivyo wahusika wenye majina yetu walisema Kiingereza, na kampuni ilipoamua kuitia picha hiyo sauti za lugha ya Kiafrika, iliyochaguliwa ilikuwa Kizulu. Mtoto wa Mikumi, ambaye hakuhitaji kamusi kwa majina yale, alikaa mbele ya nchi iliyofanana na mbuga ya Mkata aliyoipita kwa basi, akasubiri kaka yake amfasirie. Wala hakuamini kila alichoonyeshwa: aliyelelewa mahali ambapo mifugo hufungiwa mapema hakushawishika kwa urahisi kwamba simba aweza kunenepa kwa kula wadudu.

Baada ya kuyajua haya yatupasa kuutazama mkanda wenyewe, kwa kuwa wako wasemao kwamba shauku hii ni udanganyifu wa kumbukumbu tu, na kwamba mtu hupenda picha mbaya kwa sababu aliiona akiwa mdogo. Neno hilo lina ukweli nusu. VHS huhifadhi mng'aro wa picha kwa kiasi cha mistari 240 hivi, na rangi huihifadhi kwa kiasi kilicho chini sana ya hicho; kwa hiyo rangi huvuja nje ya mipaka yake, na nyekundu huvuja kuliko zote. Katika picha ya watu kasoro hiyo husitirika. Katika katuni, iliyojengwa kwa mistari mikali na rangi zilizojaa, hudhihirika, na kila nakala iliyotolewa juu ya nakala huzidisha mvujo na chenga. Jambo la pili ni la sikio. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Ili iingie katika PAL hukimbizwa kwa 25, na kwa kukimbizwa hivyo muda wake hupungua kwa asilimia nne na sauti yake hupanda. The Lion King, yenye dakika 88, ikikimbizwa hivyo hukwisha kwa dakika 84 na nusu, na nyimbo zake hupanda kwa zaidi ya nusu ya hatua ndogo ya muziki. Mtu mzima wa leo anayeifungua picha hiyo katika simu, akaona mwendo umelegea na sauti zimezama, akasema kwamba hii siyo ile, hadanganywi na kumbukumbu yake. Kweli siyo ile. Aliyoipenda ilikuwa na mwendo wake na rangi yake, na hiyo haimo katika ghala la kampuni yoyote. Hapa shauku imeshinda hoja ya kwanza ya wanaoicheka.

Lakini ushindi huo haujibu swali zima, maana mvujo wa rangi haumtoi mtu machozi. Huenda likajibika vizuri zaidi tukilinganisha shauku yetu na ya wengine. Huko Marekani, ambako katuni za Disney zilikuwa zikitolewa kwa muda, zikafungiwa miaka kadhaa, kisha zikatolewa tena ili kila kizazi kipya kinunue, mkanda ulikuwa milki ya mtoto. Ulikaa katika rafu ya chumba chake, akautazama mpaka ukachakaa. Ndiyo maana shauku ya huko imekuwa shauku ya wakusanyaji: wanaitafuta mikanda ya mfululizo wa miaka ya 1984 hadi 1994 yenye alama ya almasi nyeusi mgongoni, na wako wanaoitangaza kwa maelfu ya dola, ingawa aghalabu huuzwa kwa bei ndogo, kwa kuwa kitu kilichochapwa kwa mamilioni hakiwi adimu kwa kutamaniwa. Vijana wetu huziona picha za masanduku yale meupe katika simu zao, nao husema kwa huzuni kwamba wanakumbuka. Wanakumbuka wasichokuwa nacho. Mikumi hapakuwa na rafu. Mkanda ulikuja, ukakaa siku mbili, ukaenda kwa mwingine, ukapotea huko Kidodi au Ruaha, njiani kuelekea Kidatu. Na mtoto aliyebahatika kuiona picha nzima pengine aliiona mara moja tu, akiwa amebanwa katikati ya wenzake, kichwa cha mtu mrefu kikiziba pembe moja ya kioo.

Wala haitakuwa uadilifu kuyasifu mabenchi ya kibanda bila kuwataja wasioketi juu yake. Wasichana wengi walizuiwa kwenda kibandani, na kwa sababu zenye uzito: palikuwa na giza, palikuwa na moshi, palikuwa na mikono isiyotulia, na ratiba ya jioni iliweza kugeuka kuwa picha zisizofaa kuonwa na mtoto wa jinsia yoyote. Wavulana walitoroka shule kwa ajili yake, na wengine walichukua fedha za mboga kulipa kiingilio. Wazazi na walimu waliopigana na vibanda hawakuwa maadui wa furaha. Na yule asiyekuwa na kiingilio alisimama nje akachungulia katika tundu la gunia, akafukuzwa kwa fimbo. Kwa hiyo kumbukumbu ya kibanda, ambayo husimuliwa kana kwamba ni ya kizazi kizima, kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu ya wavulana waliokuwa na sarafu. Na dada zao, tukiwauliza, watatueleza mkanda mwingine, ule ulioonwa sebuleni kwa jirani, milango wazi, mama mwenye nyumba akiwa na amri ya kuuzima wakati wowote.

Hata hivyo ushahidi wa pande zote mbili, wa kibandani na wa sebuleni, unakutana mahali pamoja. Uhaba wa mikanda uliwalazimisha watu mambo matatu. Uliwalazimisha kukutana, kwa kuwa picha ilikuwa moja na macho mengi. Uliwalazimisha kuwa na msemaji, kwa kuwa lugha ilikuwa ya kigeni, na msemaji, awe Lufufu au kaka wa darasa la saba, aliigeuza picha ya mbali kuwa mali ya waliohudhuria. Na la tatu, ambalo husahauliwa, uliwalazimisha kusimulia: aliyeona alipaswa kesho yake, njiani kwenda shule au foleni ya maji, kumweleza asiyeona, tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na milio na vipigo, na kwa kuwa walioona walikuwa wachache kuliko waliosimuliwa, ni dhahiri kwamba katuni za Marekani katika Wilaya ya Kilosa zilisikiwa na watu wengi kuliko zilivyoonwa. Zilirudi kuwa ngano. Msichana aliyezuiwa kwenda kibandani aliipata picha kwa njia hii, na pengine akaisimulia vizuri kuliko ndugu yake aliyeiona. Basi kinacholiliwa, tukikipambanua na picha, na kioo, na ujana wenyewe, ni ile hali ya watu kuwa na haja ya watu ili hadithi ikamilike. Simu imeiondoa haja hiyo. Mtoto mwenye picha elfu mkononi hahitaji kaka wa kumfasiria wala rafiki wa kumsimulia, na rafiki yake, ambaye naye ana elfu zake, hana anachokisubiri kwake.

Mtu aweza kupinga akasema kwamba huku ni kuusifu umaskini. Pingamizi hilo ni la haki na halina budi kujibiwa. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka kurudishiwa moshi wa jenereta, au deki iliyokula mkanda katika dakika za mwisho, au Kiingereza cha kubahatisha badala ya tafsiri iliyo sahihi. Na uhaba haukuwa mwalimu kwa kutaka, bali kwa kukosekana mwingine. Lakini si kila kilichozaliwa na uhaba hufa kwa haki uhaba unapokwisha. Watu walijifunza kukoka moto kwa sababu ya baridi na giza. Wakaja kupata taa na mablanketi, na bado hukaa pamoja kuuzunguka pale wanapotaka maneno marefu. Kukutana, kufasiri na kusimulia ni desturi ambazo mtu aweza kuzichagua baada ya kuacha kulazimishwa.

Ziko dalili kwamba baadhi wamezichagua. Ubongo Kids, katuni inayotengenezwa Dar es Salaam na kurushwa tangu mwaka 2014, huwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili cha wahusika wenyewe. Na kabla yake, mwaka 2010, studio moja ya Nairobi ilitengeneza Tinga Tinga Tales, ngano za wanyama zilizochorwa kwa mtindo ulioasisiwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga. Mbele ya katuni ya Kiswahili kama Ubongo Kids mtoto hasubiri mfasiri, na hilo ni jema. Ila mwalimu anayekusanya darasa zima mbele ya kioo kimoja, kisha akamtaka mmoja asimame aieleze picha kwa maneno yake mwenyewe, anawarudishia jambo ambalo lugha peke yake haiwezi kulirudisha.

Limebaki suala la mikanda yenyewe, iliyomo hadi leo katika masanduku na juu ya makabati. Mkanda wa VHS ni utepe wa polyester uliopakwa chembe za madini kwa gundi. Gundi hiyo hunywa unyevu wa hewa ikanata, na juu yake huota kuvu, seuze katika nchi ya joto na masika marefu. Maji ya Mto Mkondoa, yaliyoingia Kilosa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, hayakubagua kati ya godoro na sanduku la mikanda. Deki nazo zimekoma: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016, na zilizobaki zinaishi kwa kunyang'anyana vipuri. Kwa kuwa haviwezi kuokolewa vyote, yafaa kupanga nini kitangulie.

Nakala za katuni za kigeni ziwe za mwisho. Wenye picha hizo wanazo, na mapenzi yetu kwazo hayaongezi wala kupunguza uhai wake. Mbele yake ziwekwe nakala zenye sauti za wafasiri wetu, maana hizo hazimo katika hazina ya Hollywood. Ni kazi za sanaa ya kusema zilizofanywa na Waswahili kwa Waswahili, na ikiwa sheria ya hakimiliki huzitazama kwa jicho baya, mtafiti wa lugha na mwandishi wa tarehe hawana anasa ya kulifumba jicho lao. Na ya kwanza kabisa ni sehemu ambayo hakuna aliyeithamini wakati ule. Mkanda wa dakika 180, wenye utepe unaopita mita 250, haukujazwa na katuni ya dakika 80. Na kwa kuwa mkanda mtupu ulikuwa ghali, wenyewe waliziba kwa karatasi lile tundu la kijimeno kilichovunjwa nyuma yake, wakarekodi juu yake na baada yake. Ndiyo maana katika mikanda mingi ya katuni picha hukatika ghafla, na mahali pa mbwa mwitu na kasri hutokea arusi ya shangazi, unyago, mahafali ya darasa la saba, maulidi, kwaya, hotuba ya mzee ambaye sauti yake haikurekodiwa mahali pengine popote. Tulipokuwa watoto tulilalamika kwamba arusi imetuharibia katuni. Katuni ipo hadi leo, na itakuwapo; shangazi yumo katika utepe ule tu.

Hukumu ya suala hili, basi, ni kwamba shauku ya mikanda ni ya haki, ila imeelekezwa kusiko. Yeye asemaye kwamba anaupenda mkanda wake wa zamani asihangaike kuutafutia sanduku jeupe wala kuuulizia bei. Autafute, amwombe fundi mwenye deki nzima ausafishe, auzungushe mpaka pale katuni inapokatika, na yale yanayofuata ayahamishe na kuwaita ndugu zake wayatazame pamoja, wakitajiana majina ya wanaoonekana na kuyaandika, kabla ya kufa kwa deki inayoweza kuusoma na kwa mtu anayeweza kuwatambua waliomo.